Tunanunua Mita, Tunanunua Sekunde

Hotuba hii ilitolewa kwenye mkutano wa waendeshaji chipukizi wa mbio za pikipiki, wazazi wao na wapeperusha bendera. Tumeiweka yote hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Ndugu wapeperusha bendera, wazazi wenzangu, na ninyi vijana ambao ndio hasa mliofanya nikubali mwaliko huu, nawasalimu.

Hii suti mnayoiona imelala hapa mezani ni yangu. Wa mbele mnaweza kuona bega la kushoto. Ngozi imelika mpaka kitambaa cha ndani kimetokeza, na lile bamba la chuma juu ya bega limesagika upande mmoja kama kisu kilichonolewa kwenye jiwe. Bega la kulia ni zima kabisa. Sasa nawauliza: niliangukia kona ya kulia au ya kushoto?

Wengi mnasema kushoto. Hapana. Ilikuwa kona ya kulia.

Nilikuwa nimelala na pikipiki upande wa kulia, goti likigusa lami, na nikafungua mafuta mapema. Mapema kiasi gani? Hata robo ya sekunde sidhani kama ilifika. Tairi la nyuma likateleza, mkia ukatoka nje. Nikaogopa, nikafunga mafuta ghafla, na hapo ndipo nilipokosea mara ya pili. Tairi likashika tena lami kwa kishindo, pikipiki ikajinyoosha yenyewe kama farasi anayemtupa mpandaji, nikarushwa juu ya usukani hadi upande wa pili. Ukianguka kwa kuteleza, unakwenda na upande uliolalia, na mara nyingi unainuka ukijipangusa vumbi. Ukianguka kwa kurushwa, unapaa kwanza. Bega la kushoto ndilo lililotangulia chini. Nakumbuka mbingu, lami, mbingu, kisha mlio wa changarawe ndani ya kofia.

Nilivunjika mtulinga. Basi. Jioni ile nilikula kwa mkono mmoja nikiwa nimekaa na wenzangu.

Nani aliniokoa? Siyo ushujaa wangu, maana hewani hakuna ushujaa. Siyo ustadi, maana ustadi ulishaniacha. Kilichoniokoa ni kwamba kati yangu na ukuta palikuwa na mita za kutosha, na kati ya mfupa wangu na lami palikuwa na kitu kilichokubali kuharibika kabla yangu. Neno langu leo ni hilo tu. Kinga yote katika mchezo huu ni biashara ya kununua mita na kununua sekunde. Tunanunua mita. Tunanunua sekunde. Na kwa miaka mingi bei imelipwa na watu ambao hawakurudi nyumbani.

Ubingwa wa dunia ulianza 1949. Tangu mwaka ule mwili wa binadamu haujabadilika hata kidogo: fuvu ni lile lile, uti wa mgongo ni ule ule. Pikipiki je? Mwaka 2023 pale Mugello, Italia, Brad Binder wa Afrika Kusini alipimwa akiwa kwenye kilomita 366.1 kwa saa. Hiyo ni zaidi ya mita 100 kwa sekunde moja. Uwanja wa mpira, goli hadi goli, kwa muda wa kutamka jina lako. Na vijana mliosoma fizikia mnajua: mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya mwendo, yaani nishati, inayotakiwa kumezwa ili usimame haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Nguvu hiyo lazima iende mahali. Iende kwenye changarawe, iende kwenye ngozi ya suti, iende kwenye ukuta wa hewa, ile mifuko mikubwa iliyojazwa hewa pembeni ya njia. Isipopata pa kwenda, itaingia mwilini.

Nianze na mita.

Zamani mbio zilikimbizwa kwenye barabara za kawaida, baina ya nyumba, kuta za mawe na nguzo za simu. Kisiwa cha Man kilikuwa sehemu ya ubingwa wa dunia tangu mwanzo, njia ya kilomita zipatazo 60 kwa mzunguko mmoja, ikipita vijijini na kupanda mlima. Mwaka 1972 Gilberto Parlotti alifia pale katika mvua. Rafiki yake Giacomo Agostini, mtu mwenye mataji 15 ya dunia, alisema harudi tena kukimbia kisiwani, na hakurudi. Wapo waliomwona mwoga. Hebu fikirini: mtu aliyeshinda kuliko yeyote, anaitwa mwoga kwa sababu amekataa kukimbilia ukuta wa mawe! Wengine walimfuata, na baada ya 1976 mbio zile zikaondolewa kwenye ubingwa wa dunia.

Lakini msidhani viwanja vilivyojengwa maalumu vilikuwa salama. Tarehe 20 Mei 1973, pale Monza, Italia, mbio za 250, yaani daraja la injini za cc 250. Katika kona kubwa ya kwanza Renzo Pasolini alianguka. Pembeni ya kona ile palikuwa na vyuma vya kuzuia magari, vimekaa karibu kabisa na njia. Kwa gari, chuma kile ni kinga. Kwa mtu aliyevaa ngozi tu, ni shoka. Tena kilifanya jambo la pili baya: pikipiki ikigonga inarudishwa njiani, katikati ya wanaokuja. Nyuma yake alikuwa Jarno Saarinen wa Finland, bingwa wa dunia wa 250 wa mwaka uliotangulia. Wote wawili walifariki, na waendeshaji wengi nyuma yao walianguka juu ya mabaki.

Nataka mlitazame jambo hilo kwa ukaribu, kwa sababu ndani yake mna elimu yote ya kujenga kiwanja. Ukuta ukiwa karibu unamuua anayeanguka. Ukuta mgumu unaorudisha kitu njiani unamuua asiyeanguka.

Je, tulijifunza? Taratibu, ndugu zangu. Taratibu mno. Mwaka 1979 pale Spa, Ubelgiji, lami mpya ilikuwa inateleza na waendeshaji wakubwa, Kenny Roberts akiwa miongoni mwao, wakakataa kukimbia. Waliadhibiwa. Leo tunaona walikuwa wanatudai haki yetu sote. Miaka 24 baadaye, Aprili 2003, Daijiro Kato, kijana wa miaka 26, bingwa wa 250 wa 2001, aligonga ukuta pale Suzuka akiwa nyumbani kwao Japani. Alikaa wiki mbili bila fahamu kisha akafariki. MotoGP, daraja la juu la ubingwa wa dunia alilokuwa akikimbia, haijarudi Suzuka hadi leo. Kiwanja kinachopendwa na dunia nzima, kimeachwa kwa sababu ukuta uko pale ulipo.

Msikie na jambo lingine ambalo hata mimi lilinichukua muda kulielewa. Kuna wakati watu walidhani dawa ni kupaka lami kila mahali pembeni ya kona, ili anayekosea arudi njiani bila kuanguka. Kwa aliye juu ya pikipiki ni sawa. Kwa aliyekwisha kuanguka, lami haishiki. Juni 2016, pale Catalunya, Hispania, Luis Salom wa Moto2, daraja lililo chini ya MotoGP, alianguka kona ya 12, mahali ambapo hakuna aliyepahesabu kuwa hatari. Pembeni palikuwa na lami, si changarawe. Pikipiki iliteleza hadi ukutani, naye akaifuata. Alikuwa na miaka 24. Wikendi ile mbio ziliendelea kwa njia iliyobadilishwa, na baadaye pakawekwa changarawe. Changarawe ile tunayoilalamikia kwamba inaharibu rangi na kuingia kwenye injini! Mimi nikiona kitanda kipana cha changarawe nashukuru.

Na mita si upana peke yake. Ni umbo la njia pia. Agosti 2020, Red Bull Ring, Austria. Johann Zarco na Franco Morbidelli waligusana wakipanda mlima kwa mwendo mkali. Wao wakabaki nyuma wakibiringika. Pikipiki zao, zisizo na mtu, zikaendelea moja kwa moja kukata njia mbele, kwa sababu kona inayofuata inajikunja na kurudi. Valentino Rossi na Maverick Viñales walikuwa wamo ndani ya kona ile. Vyuma viwili vilipita pale walipo kwa nafasi ya kiwiliwili. Watu wengi mliangalia picha zile mkashika vichwa. Mimi nilizima televisheni, nikatoka nje, nikarudi baada ya muda.

Wiki moja tu baadaye, kiwanja kilekile, breki za Viñales zikakatika akielekea kona ya kwanza. Akafanya uamuzi: akaiachia pikipiki na kujitupa chini akiwa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Pikipiki ikapiga ukuta wa hewa, ikawaka moto. Yeye akateleza, akateleza, akasimama, akatembea. Ni nani aliyemwokoa? Mita. Mwaka 2022 kiwanja kile kilirudi kikiwa na kona mpya mbili za kuvunja mwendo kabla ya ile kona inayojikunja. Safari hii hakuna aliyesubiri jeneza, na mimi hilo nalihesabu kuwa ushindi mkubwa kuliko kombe lolote lililotolewa pale.

Sasa sekunde.

Wakati naanguka kwenye suti hii hapakuwa na mfuko wa hewa ndani. Leo katika madaraja yote ya ubingwa wa dunia mfuko wa hewa ni lazima, tangu 2018. Ile nundu mnayoiona mgongoni mwa waendeshaji siyo ya kukata upepo pekee, inabeba pia kompyuta ndogo. Vihisio vyake vinapima mwili unavyoinama, unavyozunguka na unavyoongeza mwendo, bila kupumzika. Kazi ngumu si kujaza mfuko. Kazi ngumu ni kutofautisha. Mwendeshaji anayelalia kona huku pikipiki ikitetemeka na mkia ukicheza ana mwili unaofanya mambo ya ajabu, lakini hajaanguka. Mfuko ukijaa wakati huo, utamwangusha wenyewe. Kompyuta lazima ijue: hili ni teke la kawaida, hili ni lile la mwisho.

Ikishajua, gesi inafunguliwa, na baada ya sehemu kama 25 hadi 45 za sekunde iliyogawanywa mara 1,000, mabega, mitulinga na mbavu vimeshazungukwa na hewa. Kupepesa jicho ni polepole kuliko hapo. Kwa mwendo wa kilomita 300 kwa saa, muda huo wote pikipiki inakuwa imesogea mita 4 hivi. Mtu bado yuko hewani, hajui kama anaanguka, na mfuko umeshajaa. Sekunde chache baadaye unapungua wenyewe, ili aweze kuinuka na hata kurudi njiani.

Kofia nayo ina siri yake. Tulizoea kuuliza: inahimili pigo zito kiasi gani? Lakini kichwa kikianguka mara nyingi hakipigwi wima, kinapigwa kwa mshazari, na lile pigo la mshazari linakizungusha. Fuvu linazunguka, ubongo unachelewa kulifuata. Ndiyo maana tangu 2019 Shirikisho la Kimataifa la Pikipiki, FIM, limedai kofia za mbio zipimwe kwa pigo la mshazari pia. Mzazi, ukimnunulia mwanao kofia usivutwe na rangi. Uliza alama ya upimaji. Halafu mfunge mkanda wa kidevu mwenyewe, uvute kofia kutoka kisogoni kwenda mbele kwa nguvu. Ikitoka, hiyo si kofia yake hata kama ameilipia.

Mengine nayapita haraka: kinga ya mgongo, kinga ya kifua, glavu zenye kidole cha mwisho kilichoshonwa na jirani yake kisivunjike peke yake, kile kizuizi mbele ya mkono wa breki ili mwenzako akikugusa asikufungie breki ya mbele. Vyote nimevivaa na vyote navidai kwenu.

Lakini kuna aina ya sekunde ambayo huwezi kuishona kwenye suti. Ni sekunde za kufikiwa na daktari. Mwaka 1977 pale Salzburgring, Austria, daktari mmoja wa Kiitalia, Claudio Costa, alifika na hospitali yake ya magurudumu, Clinica Mobile, kwa mara ya kwanza. Katika mbio za 350 waendeshaji kadhaa waliangukiana. Hans Stadelmann alifariki. Miongoni mwa majeruhi alikuwepo kijana Mwitaliano, Franco Uncini, na aliishi kwa sababu msaada ulikuwa pale pale.

Lishikeni jina hilo. Uncini alikuja kuwa bingwa wa dunia wa 500 mwaka 1982. Mwaka uliofuata, pale Assen, Uholanzi, alianguka katikati ya njia, akainuka na kujaribu kukimbia kutoka. Akagongwa na pikipiki iliyokuwa inakuja. Kofia ikaruka kichwani. Alikaa bila fahamu kwa siku nyingi. Akaamka. Akapona. Na baadaye alifanya nini? Akawa msimamizi wa usalama wa FIM, mtu wa kutembea kwa miguu kwenye viwanja duniani, kuangalia kila ukuta na kila kitanda cha changarawe kabla wenzake hawajapanda. Mtu aliyelala mara mbili mlangoni mwa kifo ndiye aliyepewa kazi ya kuusogeza mlango ule mbali. Nikimfikiria Uncini nachoka kabisa kusikia watu wakisema usalama ni habari ya waoga.

Na hapa nina ugomvi na utamaduni wetu wenyewe. Tunawapigia makofi wanaorudi kabla hawajapona. Mwaka 2013 Jorge Lorenzo alivunjika mtulinga Alhamisi pale Assen, akaruka kwenda Barcelona kupasuliwa, na Jumamosi akakimbia na kumaliza wa tano. Dunia ilimshangilia, nami nilishangilia. Miaka saba baadaye, Julai 2020, Marc Márquez alivunjika mkono wa kulia pale Jerez. Alipasuliwa Jumanne, Jumamosi akawa tayari juu ya pikipiki. Mkono ukakataa, akaacha. Siku chache baadaye bamba la chuma lililofunga mfupa likavunjika, akakosa msimu wote, na mkono ule ulipasuliwa mara nne kwa jumla hadi 2022. Mfupa hausikii makofi. Kocha anayemwambia kijana "jikaze" wiki moja baada ya upasuaji, huyo anacheza na miaka ya mtu.

Nimalizie na lile ambalo mita na sekunde hazijalinunua.

Shoya Tomizawa, Misano, 2010, miaka 19. Marco Simoncelli, Sepang, 2011, miaka 24. Jason Dupasquier, Mugello, 2021, miaka 19. Hawa hawakuuawa na ukuta. Walianguka mbele ya wenzao, wakagongwa. Simoncelli alipoteleza, badala ya kutoka nje ya kona, pikipiki ilirudi ndani ya njia naye akiwa bado ameishika. Hakuna kofia wala mfuko wa hewa uliobuniwa kuzuia uzito wa pikipiki nyingine kwa mwendo ule. Waliomgonga walikuwa watu waliomjua, na hawakuwa na hata nusu sekunde ya kukwepa.

Septemba 2021, pale Jerez, mtoto wa miaka 15, Dean Berta Viñales, alifariki kwa namna hiyohiyo. Baada yake umri wa kuingia ubingwa wa dunia ulipandishwa hadi 18 kuanzia 2023. Wazazi, najua uchungu wa kusubiri. Najua mwanao ana kipaji na jirani yake mwenye kipaji kidogo anatangulia. Lakini mimi nauunga mkono umri ule kwa moyo wote. Kundi la watoto 30 wenye pikipiki za nguvu sawa, wanaokimbia wakiwa wameshikana mikia ili wavutwe na upepo wa aliye mbele, ndilo kundi la hatari kuliko yote katika mchezo huu. Hapo hakuna mwenye nafasi, na hakuna mwenye muda.

Basi tufanye yaliyo mikononi mwetu. Wapeperusha bendera, bendera ya njano inayochelewa sekunde mbili imeruhusu pikipiki kadhaa kupita bila habari. Mkiona vumbi, inueni. Msisubiri kuhakikisha. Vijana, mkiona njano msimpite mtu, na mafuta mfunge kweli, siyo kwa kuonyesha. Mkianguka, acheni usukani. Acheni! Pikipiki ni nzito na ina safari yake. Kunjeni mikono kifuani, telezeni mpaka msimame kabisa, kwa sababu mwili ukiwa bado unakwenda kilomita 50 kwa saa akili hukudanganya kuwa umesimama, unaweka mguu chini na mguu unavunjika. Mkishasimama, tazameni kwanza wenzenu wanakuja kutoka upande gani, halafu tokeni njiani. Si kuifuata pikipiki. Tokeni.

Suti hii sasa itapita mikononi mwenu, tuanze na mstari wa mbele. Pitisheni kidole ndani ya bega la kushoto, mtasikia pale povu gumu lilipopasuka. Ufa ule una urefu wa kidole. Baada ya hapo tunatoka nje pale kwenye nyasi, kila kijana avae kofia yake, na mzazi wake aje kuivuta kutoka kisogoni.